Kifo cha Kumi na Moja

Kovu hubandikwa alfajiri,
Budapest, ndani ya gari la vipodozi lisilo na joto.
Arkadi Lvovich Zubarev anafumba macho.
Leo jenerali. Mwaka jana muuza mabomu,
mwaka juzi kanali asiyepewa hata jina.

"Kirusi zaidi," mwongozaji anamwambia,
naye, aliyeinyonya lugha hiyo Vologda,
anaongeza kokoto ulimini.
Kazi ni kazi.

Anakufa kabla ya chakula cha mchana:
risasi moja, ngazi kumi na nne,
mgongo wa miaka sitini na sita.
Kijana mwenye sura njema anamruka, anaweka tai sawa.
Wanarudia mara tano.

Jioni anakunywa supu ya kabichi, kovu bado shavuni;
mhudumu anamrudishia chenji
hadi forinti ya mwisho, mkono ukitetemeka.

Theluji ilipoanza, filamu ikafika Vologda,
imetiwa Kirusi kwa sauti ya mtu mwingine.
Dada yake Glafira akapiga simu.
"Umekufa vizuri, Arkasha.
Lakini yule aliyekuwa akisema kinywani mwako,
ni nani?"