Pedi Isiyo na Waya

Runinga ya chogo, mgongo kama gunia la viazi,
ipo palepale alipoitua mjomba Anyosisye
mwaka aliofunga kibanda chake cha gemu Uyole
akarudi Tukuyu na vitu vitatu: runinga, mashine,
na jina la Mia Mbili, ambalo watoto
walimpa kwa bei ya mchezo mmoja.

Mashine ilikuwa nyeupe. Sasa ina rangi
ya jino la mvuta sigara.
Kaseti unaichomoa, unaipuliza, unairudisha.
Hakuna ajuaye pumzi inasaidia nini.
Hakuna aliyewahi kuthubutu kutopuliza.

Pedi zake mbili zilikufa kwa waya.
Ya kwanza panya waliitafuna msimu wa mahindi,
ya pili ilikatika shingoni,
maana sisi, tukiruka ndani ya gemu,
tuliruka na mikono pia.

Waya ulikuwa mita moja na nusu. Niliupima.
Ndiyo sababu tulikaa chini, kwenye saruji ya Julai,
bega kwa bega, pua karibu ziguse kioo,
tukinusa vumbi linaloungua nyuma ya chogo.
Kitanda cha mjomba kiko mita tatu na ushee.
Tangu kiharusi, mita tatu ni safari.

Basi nikaenda Tunduma.
Muuzaji, Siwale, hakuniapia:
"Siyo orijino, sikudanganyi.
Kampuni nyingine kabisa. Ila wanaelewana."
Neno hilo ndilo nililolipia elfu thelathini na tano.

Kipokezi kidogo kuliko kiberiti.
Matundu saba ya mashine yakakipokea kwa shida,
kama ukoo unavyompokea mkwe wa mbali.
Taa ya buluu ikapepesa. Ikapepesa.
Ikatulia.

Halafu nikagundua: inachelewa.
Si sana. Kiasi cha kope.
Unabonyeza ruka, kisungura cha kijani
kinafikiri kwanza, ndipo kinaruka,
na shimo halikukisubiri.
Nilikufa mara kumi na moja hatua ya kwanza.
Nikamtukana Siwale. Mama yake nikamwacha.

Mjomba hakufa.
Pedi imelala juu ya blanketi kama paka,
kidole gumba kimoja, cha kushoto,
na shimo likiwa bado ukingoni mwa kioo
yeye ameshabonyeza. Anatulia,
anaitazama amri yake ikikatiza chumba,
juu ya beseni, juu ya viatu vyangu,
juu ya jiko la mkaa, mpaka ifike.
Miezi tisa ameishi hivyo:
anatuma, anangoja,
na mkono wa kulia unaitika baadaye,
au hauitiki.

Jumamosi Lusajo, fundi wa Mwanjelwa,
alinirudishia ile pedi ya zamani,
shingo mpya, risasi imeng'aa kwenye maungio.
Nikaichomeka. Nyepesi kama kofi!
Nikatumbukia shimo la kwanza.
La pili. La kwanza tena.
Nilikuwa naruka mapema mno;
vidole vyangu vilishazoea kutangulia.
Mjomba akacheka. Kicheko kilianza, kikakwama,
kikaja kutokea upande mmoja wa mdomo,
nami wakati huo nilikuwa nimekufa tena.

Nimeiviringisha ile yenye waya, nimeiweka juu ya kabati.
Betri mbili, za dukani kwa mama Sekela,
zinakaa wiki. Zikianza kuchoka
kisungura hutembea chenyewe kwenda kulia,
polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Leo inanyesha, mvua ya Tukuyu
ambayo haina haja ya kukusanya mawingu.
Nimemwekea chai juu ya kigoda, mpini wa kikombe
nimeugeuzia kushoto. Nimerudi kukaa.
Kwenye kioo mashimo mawili yameshavukwa.
Ndipo kutoka kitandani, kwa wakati wake:
"Ndaga."

Sikugeuka.
Nilikuwa nimeshaitika.