Kiputo

Gari hili, kabla halijawa langu, lilibeba nguzo za umeme,
kisha ng'ombe wa mnadani, kisha padri mmoja wa Bihawana
aliyesahau rozari kwenye droo, pamoja na risiti ya gasketi.
Mita ya kilometa ilishakufa.
Aliyeniuzia alisema, "Limetembea kidogo,"
akacheka kabla yangu.

Mwezi wa saba, Mpunguzi, alfajiri ni kisu.
Upepo unapita katikati ya mizabibu iliyopogolewa
unaniingia kwenye mikono ya sweta.
Naweka ufunguo, nasubiri kitaa cha hita kizime, nazungusha:
ng'a-ng'a-ng'a-ng'a,
kama mtu anayesikia akiitwa, akajifunika shuka.

Nilishanunua betri.
Nilishanunua hita plagi nne, nikazifunga mwenyewe,
nikachubuka vifundo vitatu, nikafurahi siku mbili.
Fundi Chilongani wa Kizota akasema pampu,
akaitaja bei kama anayetaja jina la marehemu,
taratibu, macho chini.
Nikamwambia nitarudi.
Sote wawili tulijua.

Basi nikawa nalilaza mteremkoni, pua chini, kando ya korongo,
jiwe mbele ya tairi.
Asubuhi natoa jiwe, nasukuma, nadandia,
gia ya pili, naachia klachi,
moshi mweupe mpaka jikoni kwa Mama Manyemba,
naye anatoka na mwiko:
"Leo tena ugali wa dizeli?"

Mpaka siku ile ya msiba wa Lugala.
Nilikuwa na haraka, nikasahau kusukuma,
nikazungusha ufunguo hivihivi, gari likiwa limeinama,
likaitika mara moja.
Nikazima. Nikawasha. Likaitika.
Nikakaa humo ndani na shati la msibani
nikifikiri kama mjinga:
kumbe mteremko haukuwa unasaidia magurudumu.
Ulikuwa unasaidia dizeli.

Usiku mzima dizeli ilikuwa inarudi nyumbani kwake, tangini,
na mahali pake panaingia hewa.
Inaingilia wapi?

Dada yangu Sechelela ni nesi.
Akaniletea mrija wa dripu uliopitwa na muda,
nikauunga kwenye njia ya kurudishia, ukapita mbele ya macho yangu
mweupe, wazi, kama dirisha la nyumba ya mtu.
Nikawasha.
Kikapita kiputo. Kingine. Kisha msururu, wanafunzi wakitoka paredi.

Sechelela akainama, miwani ikamteleza.
"Kwa mgonjwa, hicho tunakigonga kwa ukucha kipande juu.
Huyu amelala na hewa mshipani tangu lini?"
"Mwaka na miezi minne."
Hakusema kitu. Alilitazama gari
kwa jicho analowatazamia waliochelewa kuletwa.

Nozeli ya nne. Kampira kafupi kuliko kidole,
kana ufa mwembamba kama unywele wa mtoto.
Barabara ya Tisa wanauza futi nzima kwa elfu mbili mia tano.
"Hiyo tu?" akauliza muuzaji.
"Hiyo tu," nikasema,
nikiihesabu betri kichwani. Nikizihesabu plagi.

Jioni Nyemo alinishikia tochi,
akimulika nondo zaidi ya injini.
Nikalegeza nati juu ya filta, nikapampu kwa kiganja:
povu, povu, mate, povu,
halafu dizeli yenyewe, nzito, bila neno,
ikanitiririkia mpaka kwenye kiwiko.
Nikakaza.
Boliti moja ilibaki. Tumeitafutia mahali, hatukupaona.
Iko kwenye droo, na rozari.

Asubuhi, kwenye uwanja tambarare, ufunguo mmoja tu.
Mama Manyemba alitoka na mwiko, akasubiri moshi,
akarudi ndani kama aliyedhulumiwa.

Usiku ule nililiegesha tena kando ya korongo, pua chini.
Si kwamba siuamini mpira.
Ni lile jiwe.
Lilikuwa limeshazoea.