Upawa

Siku ya sherehe walinitumia gari jeusi
hadi mlangoni, Wadi Kabir.
Miaka hamsini ya Kampuni, dereva akasema,
kwa fahari ya mtu anayetaja umri wa mwanawe.

Mimi naujua mwaka wa kwanza.
Ulikuwa na sufuria moja, tena ya kuazima,
na chupa arobaini na mbili za maji ya waridi
tulizookota, tukazichemsha
mpaka harufu ya Jabal Akhdar ikubali kutoka.
Haikutoka yote.
Wateja wakanong'ona: sharubati ya Bi Rayya ina siri.
Mama akanyamaza.
Siri ilikuwa uchache wa sabuni.

Ukwaju aliukanda kwa mkono,
akauchuja kwa kitambaa cha kilemba cha babu,
akauchota kwa upawa aliokuja nao kutoka Chake Chake,
kifuu kilichofungwa mpini kwa uzi wa nailoni.
Baisa hamsini. Chupa irudi.
Daftari la madeni aliliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu;
wadaiwa wakichungulia
walidhani wanaombewa dua.

Mwaka wa nne akaja Kuriakose na kikokotoo chake.
Akamfundisha mama neno "faida ghafi",
mama akamfundisha "baraka",
na kila jioni wakabishana
ipi iandikwe safu ya kulia.

Halafu kiwanda, Rusayl. Halafu lori.
Halafu malori, na friji nyekundu kila duka
kutoka Khasab hadi Salala,
halafu Manama, Karachi,
miji ambayo mama aliitafuta kwenye ramani
kwa kidole chenye doa la ukwaju lisilotoka.

Na jina likapungua kadiri kampuni ilivyonenepa:
Sharubati ya Bi Rayya.
Sharubati Rayya.
Rayya.
Sasa ni mkunjo wa kijani tu.
Mimi nasema ni jani.
Mchoraji, aliyelipwa kuliko alichopata mama maisha yake yote,
anasema ni tabasamu.

Wakanunua kampuni ya maziwa. Wakanunua ya biskuti.
Wakaanza kuuza maji.
Mama, kitandani hospitali, aliuliza mara mbili:
Maji?
Wanamuuzia mtu mwenye kiu?

Siku hizi ukwaju hufika kwa mapipa,
umekwisha kandwa na mashine ya nchi nisiyoijua.
Mwaka jana wakafungua tawi Tanga,
ambako mkwaju huangusha matunda juu ya mabati
na watoto hula bure hadi meno yafe ganzi.
Wakawauzia ukwaju.
Kwenye chupa wameandika: Ladha Halisi ya Arabuni.
Nilicheka peke yangu jikoni
hadi jirani akagonga ukuta.

Basi, ukumbini.
Zulia, kamera, tende zilizojazwa lozi.
Muhannad, kijana wa uhusiano, akanishika kiwiko
akanipeleka kwenye sanduku la kioo, taa ndani yake.
"Huu ndio upawa wa mwanzilishi wetu."

Niliinama.
Kifuu kipya, kimesuguliwa kahawa ili kizeeke.
Chini ya mpini karatasi ya bei ya duka la Mutrah
ilikuwa imeng'ang'ania:
riale moja na nusu.

Sikumwumbua. Ana mke, ana mkopo wa nyumba.
Nikasema mashallah.
Nikapigwa picha, nikapewa shada
na katoni ya chupa zisizotakiwa kurudi.

Wa mama uko hapa, ndani ya sufuria ya uji.
Umepasuka ukingoni, huvuja upande wa kushoto,
kwa hiyo ukichota lazima uulaze kulia kidogo.
Mjukuu wangu Azza huulaza hivyo.
Sikumbuki kumfundisha.