Makabidhiano

Kwanza, Nkwabi, usimwite mkweche.
Mkweche ni gari lisilo na mtu.
Huyu ana jina. Watoto wa Mabatini humwita Shangazi,
kwa sababu hakosi msibani
na haondoki kabla hajalalamika.

Amebeba viti mia na ishirini vya plastiki,
maturubai mawili, masufuria ya pilau,
Jumamosi harusi Nyakato, Jumapili matanga Kisesa,
na hajawahi kuuliza leo tunalia au tunacheza.

Asubuhi usimwendee na ufunguo.
Mwendee na kitambaa.
Inama. Tazama chini pale alipolala:
tone jeusi ni oili, la kawaida hilo, lisalimie tu;
tone la kijani ni maji ya rejeta, hapo vaa ovaroli;
pasipo na tone lolote, ogopa zaidi,
huenda hakuna kilichobaki cha kudondoka.

Injini yake iko chini ya kiti cha dereva.
Homa yake utaijua kwa makalio kabla ya geji,
na geji yenyewe ilikufa mwaka ule ziwa lilipopanda
likaingia vibandani Kirumba bila hodi.

Wadudu wa ziwani wakija, lile wingu la moshi usio na moto,
huziba rejeta kama udongo wa kukandikia.
Chukua mswaki wa zamani, wako, siyo wa mkeo,
sugua polepole, toka juu kwenda chini.
Siku moja, kwa uvivu, nilimpulizia mpira wa presha
kwa waosha magari wa Nyegezi.
Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Fundi ni Bujiku, Igogo, nyuma ya jabali lililopakwa chokaa.
Usimkimbize. Ukimkimbiza hukaza nati tatu,
ya nne akaitia mfukoni.
Mpelekee chai, kaa naye, mshikie tochi.
Miaka kumi na saba nimeshika tochi,
sasa najua kusafisha plagi, kubana tamino,
na kusikia fenibelti iliyolegea katikati ya kelele za soko,
kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani
hata akiwa chumba cha tatu.

Kilima cha Bugando, gia ya kwanza tangu chini.
Wenye haraka watakupigia honi.
Wapungie mkono.

Sikufichi. Usiku mmoja tukitoka Magu na viti vya msiba
alizima katikati ya majaruba ya mpunga, mvua juu.
Nikamtukana, tusi zima, la nguoni.
Nikapiga tairi teke; kidole kikavimba, tairi halikuvimba.
Milembe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa nyuma kati ya viti.
Akashusha viwili, akavipanga kando ya barabara,
akatutandia turubai vichwani.
“Karibu,” akasema, “leo wafiwa ni sisi.”
Tukala ugali wa baridi na mkia wa sato mpaka kulipokucha.
Kumbe ni waya mmoja tu umechomoka.
Nimepeleka viti harusi zaidi ya mia nne, Nkwabi.
Sikumbuki chakula cha hata moja.

Mlango wa nyuma una kutu. Ikwangue mpaka bati lionekane,
ndipo upake rangi. Usiifunike:
kutu ina subira kukushinda.
Na kila wiki tia elfu tano koponi, hata kama haugui.
Hasa kama haugui.
Akiwaka mara moja asubuhi ya baridi
gonga dashibodi mara mbili. Usiniulize kwa nini.

Haya. Kadi hii, sahihi yangu hiyo.
Spana namba kumi na mbili iko chini ya zulia; usiiazimishe,
hata kwa mchungaji.
Ufunguo huu hapa.
Ule wa pili ulipotea.
Ndiyo, kuna kitu kinalia mfukoni mwangu.
Ni sarafu.