Skrubu Isiyo na Nati

Mimi ni mtu wa skrubu.
Miaka kumi na tisa natengeneza mashine za kusaga,
Chamwino, Buigiri, mpaka Mvumi,
nati naijua kwa ncha ya kidole, gizani,
na skrubu ya inchi mbili, pale Majengo,
mia tano, na chenji unarudishiwa.

Ndiyo maana daktari alipotaja bei
nilimwomba arudie.
Akarudia polepole, kama anayemsomea mtu barua ya msiba:
milioni mbili na laki sita.
Kwa jino moja.
Nikauliza, "Na daktari mwenyewe tunaondoka naye?"
Sechelela akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mpini wa pampu ndio ulioanza haya.
Ulichomoka kisimani, Oktoba, maji yameshuka,
ukampata mdomoni mbele ya foleni nzima ya ndoo.
Jino la mbele, la juu, lile ambalo ulimi
hulisogelea ili kulianza jina lake.
Tangu siku ile jina linavuja.
Sechelela, kwa Kigogo, ni furahi,
na aliyeitwa Furahi akaanza kuchekea kiganjani,
akahama mstari wa mbele wa kwaya
akasimama nyuma ya wenye besi, mabega yao mapana.

Shangazi Mbeleje alisema, "Pengo lina kosa gani?
Bibi zetu waling'olewa ya chini, likawa pambo."
Sechelela akajibu:
"Wao pengo walilitaka, shangazi.
Langu lilinikuta na ndoo kichwani."

Za bei nafuu zilikuwepo, daktari hakuficha.
Jino la plastiki, la kuvua usiku na kulilaza kikombeni:
laki na nusu.
Au daraja: anawasaga majirani wawili wazima
ili wambebe wa katikati.
Hilo nilikataa hajamaliza kusema.
Kusaga nakujua mimi.
Kilichosagwa hakirudi kuwa punje.

Jumamosi, mnada wa Msalato,
nikapeleka mitamba wawili.
Mnunuzi hakutazama nundu wala kiwele.
Aliwafunua midomo,
akahesabu meno kwanza, noti baadaye.
Nikasimama pale juani na kamba mkononi
nikawaza: kumbe hata hapa bei huanzia mdomoni.
Kilichopungua tulijazia kwa alizeti, magunia tisa,
na deni kidogo ambalo hatulitaji mbele ya watoto.

Daktari akanionyesha kile kitu kabla hajakifunga.
Kidogo kuliko punje ya mahindi iliyosimama.
Nikakishika kwa glavu, nikapapasa meno yake,
maana skrubu nayo ina meno,
nikauliza alichouliza fundi yeyote:
"Nati yake iko wapi?"
"Nati ni mfupa," akasema.
"Utaikumbatia wenyewe. Miezi minne.
Usiuharakishe."

Miaka kumi na tisa nimekaza vyuma
kwa spana, kwa nyundo, kwa matusi.
Chuma cha kusubiriwa sijawahi kukiona.

Sasa ni mwezi wa tatu.
Pengo liko palepale, mtu akitazama haoni kitu.
Anatafuna upande wa kushoto,
uji anaupoza mpaka unaganda utando,
na ng'ambo ya ua zizi lina nafasi mbili
ambazo mbuzi wameshaanza kuzigombania.
Kuna usiku napiga hesabu upya, kimya kimya,
na kila usiku jibu si lile la jana.

Juzi umeme umekatika, akaniuliza:
"Nikifa, wataitoa?"
Nikasema sidhani. Taya litakuwa udongo,
yenyewe itabaki huko chini na meno yake.
Akakaa kimya. Kisha:
"Basi nitazikwa na mitamba wawili, kama mtemi."
Akacheka.
Gizani sikuona kiganja kilikuwa wapi.
Nilisikia tu hewa ikipita pengoni, mluzi mwembamba,
na ndani zaidi, sikusikia kitu,
mfupa ukiendelea na kazi yake.