Mlango wa Mbele

Miaka kumi na tisa nimeingia hapa kwa mlango wa nyuma,
saa nne usiku, muziki umeshazimwa,
spana mfukoni, tochi ya uvunguni mdomoni,
grisi kutoka kucha hadi kiwiko.
Nazijua nati zote za bustani hii ya bembea
kama ulimi ujuavyo meno.
Ila sijawahi kusikia mtoto akicheka hapa.
Usiku mashine hazina watu. Zina baridi tu,
na sungura mmoja alalaye chini ya farasi wa mbao.

Leo nimekata tiketi.
Tano, dirishani, pesa taslimu,
na msichana wa dirishani, asiyenijua, akauliza:
"Ndiyo mara yenu ya kwanza?"
Nikasema ndiyo. Wala sikudanganya.

Wiki tatu nilikuwa naipanga siku hii mezani jikoni.
Nilichora ramani nyuma ya bili ya umeme:
hapa foleni ni fupi kabla ya saa tano,
hapa pana benchi kwa ajili ya magoti ya mama mkwe,
hapa Urho asipite,
maana ataona duka la peremende na safari itaishia hapo.
Mervi akafunga mkate mweusi, mayai, chupa ya chai,
akasema, "Umepanga yote isipokuwa furaha."
Nikacheka. Usiku uleule nikarudi kazini
nikakaza nati za behewa la kwanza mara mbili,
kiti cha mbele nikakifuta kwa shati langu.

Mvua ikatutangulia getini.
Ramani ikalowa, wino ukachuruzika
mpaka kwenye duka la peremende,
na Urho akaufuata kama aliyeitwa kwa jina.
Sohvi, ambaye kiti kile nilimfutia yeye,
akaitazama treni ya milima ikipanda, watu wakipiga mayowe,
akasema, "Hapana, Baba. Asante,"
kwa adabu ya mgeni anayekataa kikombe cha pili.
Akataka boti za bata kidimbwini, za watoto wa miaka mitatu.
Yeye ana kumi na mmoja. Akazunguka mara sita.
Nikasimama pembeni na mikoba ya watu wote
na moyo wa mpishi
ambaye sufuria imemrudia haijafunuliwa.

Ndipo mama mkwe, Kerttu,
miaka sabini na minane, mkulima wa viazi,
mtu wa maneno machache, na hayo kwa mkopo,
akakaza kilemba chake kidevuni.
"Hicho kiti ulichokifuta," akasema, "kina mtu?"

Tukakaa, mkwe na mkwe. Chuma kikafungwa mapajani.
Tukapanda. Mimi nasikiliza:
mnyororo sawa, breki sawa,
roda ya kushoto inalalamika, kesho niitie grisi...
Akanikanyaga mguu.
"Wewe! Kazi imeisha. Tazama."

Nikatazama. Kuna ziwa.
Wala si giza lililonificha;
usiku wa Juni kwetu Ufini hauivi,
hubaki mbichi, mweupe, hadi asubuhi.
Nimepanda ngazi hii mara elfu
uso nimeuelekeza kwenye chuma.
Na huko chini, mdogo kama punje,
Sohvi ndani ya bata wa manjano, anapunga mkono.
Urho, midomo ya buluu. Mervi, mdomo wazi, anatuhesabu.

Kisha dunia ikatutoka chini ya matako.
Kerttu akatamka neno
ambalo bintiye, kwa miaka arobaini na miwili,
hajapata kulisikia kinywani mwake.
Akalirudia kwenye kona.
Tuliposhuka kichwa chake kilikuwa wazi,
mvi zimesimama kama nyasi za ukingoni,
akauliza foleni inaanzia wapi.

Saa nne usiku nikaingia kwa mlango wa nyuma.
Roda nikaitia grisi.
Kilemba nilikikuta kwenye nguzo ya kumi na mbili,
kimenasa kwenye nati niliyoikaza mwenyewe.
Nikakitoa, ndiyo kanuni.
Nikakaa nacho kiti cha mbele, mashine imezimwa,
sungura akinishangaa.
Kesho nitamrudishia.
Au keshokutwa.