Aina ya Mnyama

Fomu ya kifuta jasho imemwachia muuaji mstari mmoja,
nusu shubiri. Aina ya mnyama, halafu vinukta.
Nimefika Chikopelo na baiskeli ya ofisi,
rula ya sentimita thelathini, na chai sijanywa.

Mbuzi wanne wa Mama Nhonya wamelala zizini
kama nguo zilizoanguka kambani.
Watu wamejaa, na jibu wameshalipata:
"Fisi. Na fisi huyo ana mwenyewe,"
wanatazama tembe ya upande wa pili
ambako Mzee Mbeleje anajifanya kutafuta jembe.

Ngojeni. Msikanyage.
Vumbi la Bahi mwezi wa nane halifichi mtu.

Mguu wa paka hauandiki kucha.
Chui, simbamangu, mondo,
hata nyau anayelala kwenye majivu jikoni,
wote huweka visu alani wakitembea.
Kuua kwao ni koo, mara moja, kimya.
Chui angechukua mmoja, angempandisha mgunga ule,
na asubuhi tungekuta kwato zinaning'inia.
Hapa hakuna aliyebebwa.

Fisi namjua.
Mguu wa mbele mkubwa, wa nyuma kama wa kuazima.
Sura ya mbwa inawadanganya:
kwa nasaba yuko upande wa paka na nguchiro,
na kwao jike ndiye mwenye kauli.
Fisi hasazi. Angekula pembe, angekula kamba ya shingoni,
kesho akaacha kinyesi cheupe kama chaki ya shule.
Fisi gani huyu aliyewaachia mifupa?
(Mzee Mbeleje ameliona jembe.)

Ana binamu, fisi mdogo, mwenye shungi la mgongoni,
magego yake punje za uwele.
Usiku kucha analamba mchwa.
Mlanyama asiyekula nyama! Naye mlimuua
hapa hapa, mwaka juzi, kwa kosa la jina.

Nyegere angefukua chini ya miiba,
vidole vitano, kucha kama reki,
na harufu yake ningeipata kabla sijashuka baiskeli.
Kanu ni wa kuku.
Nguchiro ni wa mchana, hutembea na ukoo mzima,
mmoja amesimama wima kichuguuni
kama mgambo wa mnada.

Inabaki nyumba moja.
Vidole vinne. Kucha zimejichora, butu,
maana hazina ala, zinasagwa na njia.
Mapaja yameraruliwa kwa nyuma,
masikio, mkia, huku na huku, bila mpango,
mbuzi wanne, na hakuna aliyeliwa hata robo.
Mbwa mwitu wangewamaliza, kisha wakarudi
kuwatapikia watoto na majeruhi walioachwa nyuma.
Hao wana adabu. Bweha hana uzito huu.
Huyu ameua kwa sababu walikimbia.
Huyu ameshiba ugali.

Sikusema. Nikafuata nyayo na rula,
sita na nusu, sita na nusu,
hadi nyuma ya jiko la Mama Nhonya mwenyewe.
Amejikunja kwenye kivuli, damu imekauka kidevuni.
Aliponiona akatikisa mkia.
Chibago, miaka tisa, akamkumbatia shingo
kabla mtu hajauliza kitu.

Fomu hii hailipi mbwa.
"Anaitwaje?"
"Simba," akasema mtoto.

Mama Nhonya akasogea hadi nikasikia pumzi yake.
"Si umesikia jina? Basi andika hilo."

Kalamu ya serikali ikakaa juu ya mstari.
Nikaandika herufi ya kwanza, ambayo haikuwa uongo.
Na ya pili.
Wale wenye jibu walikuwa wameanza kuondoka,
mmoja mmoja, wakitazama miguu yao,
na hakuna aliyepitia upande wa pili wa njia
ila Mzee Mbeleje, aliyekuja na jembe begani.

"Nichimbe wapi?" akauliza.
Kisha akamwangalia Chibago, akapunguza sauti:
"Na nichimbe mashimo mangapi?"